Ubeti wa Mota

Mama mkwe wangu alifunga sanduku lake la nguo Jumamosi asubuhi, akaliweka katikati ya sebule, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kupita bila kuligonga kwa kidole cha mguu. Kabla sijanywa kahawa nilikuwa nimeshaligonga mara tatu.

"Ligonge tena, Nerio," akasema Mama Alfida kutoka kwenye kiti chake cha kubembea. "Huenda maneno yatakuingia kupitia mguuni, maana masikioni yamegoma."

Kiyoyozi chetu kilikuwa kimekufa tangu Jumatano. Mtu wa kwingineko akisikia hivyo atasema, si mfungue madirisha. Huyo hajakaa katika mji wetu wa Maracaibo mwezi wa Septemba. Kwetu dirisha ni kitu cha kuchungulia majirani, si cha kufungua. Nje jua linachoma mpaka mbwa wanatembea kwa kuruka, ndani tunalala chini ya mablanketi mawili, na mgeni akibisha hodi tunampa sweta kwanza, kahawa baadaye. Nyumba isiyo baridi ni nyumba isiyo na adabu. Na Mama Alfida, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa amelala siku tatu akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, na kila akijipepea alikuwa akitaja jina langu.

"Nimeongea na Ovelio," akasema. "Anakuja kunichukua saa kumi na moja. Kwake kuna vyumba vinne na kila chumba kina mashine yake, mpya, ya rimoti. Anabonyeza tu. Hahitaji kuimba."

Hilo la kuimba lilikuwa kijembe kwangu mimi. Nitalielezea.

Kwanza nieleze jambo ambalo wanaume wa mtaa wetu wa Santa Lucía wananicheka nalo mpaka leo: sikutaka aondoke. Ndiyo, mama mkwe. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka tisa, nikalelewa na shangazi aliyenisema kwa upole, na hakuna kinachomfanya mtoto ajione mgeni nyumbani kama kusemwa kwa upole. Mama Alfida hajanisema kwa upole hata siku moja kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi hunikaangia mandoca, zile pete za unga wa mahindi, ndizi mbivu na jibini, na kila asubuhi huniwekea mezani sahani pamoja na tusi jipya. Mandoca bila tusi nimewahi kula, wiki ile alipougua koo. Hazina ladha.

Na mtu akienda kwa shemeji yangu Ovelio, harudi. Mbwa wetu, Kapteni, alikwenda kukaa huko kwa wiki moja tu, mwaka wa tisini na moja. Mpaka leo yuko huko huko, amenenepa, na tukienda kumsalimia anatubwekea.

Mke wangu Ledys alinivuta jikoni. Alikuwa ametoka kuanika nguo na bado alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni, akakitoa ili aseme vizuri.

"Nerio, nisikilize. Fundi amesema atakuja Jumanne. Jumanne mama atakuwa ameshazoea rimoti."

"Nitakitengeneza mwenyewe."

"Wewe unafundisha jiografia."

"Kilichokufa ni mota ya feni ya nje, basi. Nimeisikia inavyolia kama paka. Inatolewa ya zamani, inawekwa mpya, nyaya zinaunganishwa, mchezo umekwisha."

Ledys akatia kibanio mfukoni. "Fanya ufanyavyo. Lakini mama yangu akipanda gari la Ovelio, na wewe panda nyuma, ukakae na Kapteni."

Basi nikaenda dukani kwa mzee Hermágoras, anayeuza vipuri vya mashine ambazo waliozitengeneza wameshakufa. Mashine yetu ni ya miaka ile ya pesa ya mafuta, kubwa, nzito, imesimama uani kwenye jukwaa lake la saruji na feni yake juu ikitazama mbinguni. Mzee aliitambua kwa kuelezwa tu, kama daktari anayemjua mgonjwa. Akanitolea mota isiyo na boksi wala karatasi. Karatasi, alisema, ililiwa na panya, na panya pia alishakufa.

"Andika," akaniambia.

"Siandiki, mzee. We sema tu."

Hivyo ndivyo tulivyo sisi watu wa Maracaibo. Mwanamume akionekana na orodha ya sokoni mkononi anahurumiwa. Kitu cha kukumbuka tunakitungia gaita, zile nyimbo zetu za kungojea sikukuu ya Novemba ya Chinita, Bikira wetu wa Chiquinquirá, nyimbo za kusifu, kulalamika na kusimangana. Bibi yangu alikuwa na gaita ya dawa ya minyoo, vipimo vyote ndani. Namba ya simu ya nyumbani kwetu ina gaita. Na mimi, pamoja na jiografia yangu, ni mtunzi. Beti zangu hazijawahi kuimbwa na kikundi chochote, lakini hilo ni kosa la vikundi.

Mzee akanionyesha waya mmoja mmoja. Mweusi kwenye swichi ya mashine. Mweupe kwenye swichi hiyo hiyo, upande wa mkabala. Za kahawia ziko mbili, zote zinaingia kwenye kapasita, lile kopo dogo linaloipa mota nguvu ya kuanza. Na kapasita akanipa mpya. Halafu vikabaki vipande vifupi vya njano na zambarau, viwili, kimoja cha kila rangi, vinatoka kwenye mota, viwili kama hivyo vinavingojea.

"Hivi uvipishanishe," akasema. "Njano kwa zambarau, zambarau kwa njano. Kwa mashine yako ni hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nafunga saa sita na mke wangu ananingoja. Na kabla hujagusa chochote zima umeme wote. Kapasita ya zamani uigongeshe miguu yake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, inaweka umeme tumboni hata ikiwa imelala."

Nikatembea nyumbani na mota begani, natunga. Nilipofika mlangoni ubeti ulikuwa umekamilika. Nikaingia sebuleni nikaligonga sanduku, nikauimba wote, mara mbili, huku nimeshika mguu:

*Nyeusi nenda swichini,*
*nyeupe mkabalani,*
*kahawia zote mbili*
*kapasita ni nyumbani;*
*njano kwake zambarau,*
*zambarau kwake njano.*

Mama Alfida akaacha kubembea.

"Bikira nisaidie," akasema. "Amejifungua mwingine."

"Unaonaje, mama?"

"Naona kina kimevunjika mguu. Umeanza na *ni* na *ni*, mwishoni umetuletea *rau* na *no*. Hata punda wa muuza maji angesita hapo. Nenda kafanye kazi, saa zinakwenda."

Saa zilikuwa zinakwenda kweli. Ilikuwa saa saba na nusu. Nilihitaji mtu wa kunishikia feni nikiifungua, na katika mtaa mzima mtu pekee asiyekuwa na kazi saa hiyo alikuwa jirani yetu Eudo, kwa sababu Eudo huwa hana kazi saa yoyote. Eudo ndiye kiongozi wa kikundi cha gaita cha mtaa wetu. Anapiga furro, ngoma ile ya kusugua kijiti inayonguruma kama ng'ombe aliyekosewa heshima, na kwa miaka kumi na moja amekataa beti zangu. Kila Oktoba nampelekea, kila Oktoba ananiambia, "Tutaona, Nerio," na hatuoni.

Nilizima swichi kuu. Mimi ni mshairi lakini si mjinga. Tukafungua kifuniko, tukainua feni na mota yake ya zamani, imeshika kutu mpaka ilitoka kwa matusi. Kapasita nikaigongesha kwa bisibisi kama nilivyoambiwa. Ikapiga mlio na cheche ya buluu, na Eudo akatoa sauti ya juu ambayo hajawahi kuifikia jukwaani.

"Hiyo sauti umeificha wapi siku zote?" nikamuuliza.

"Nyamaza wee. Moyo wangu umehamia shingoni."

Ili atulie nikamwimbia ubeti. Nilikuwa nauimba kwa ajili ya kazi, sikuwa naomba kitu. Lakini Eudo akaweka spana chini.

"Rudia."

Nikarudia.

"Nerio," akasema taratibu, "mistari minne ya mwanzo... ina kitu."

Nilisimama. Miaka kumi na moja.

"Ina kitu?"

"Ina kitu. *Kapasita ni nyumbani*. Hapo umegusa. Ila mwisho, bwana, unatuangusha. Unatupandisha ngazi halafu ngazi unaiondoa. Lazima zije *ni* na *ni*." Akafumba macho, akagonga mashine kwa vidole, akaguna kidogo. Halafu akaimba:

*Njano na njano chumbani,*
*zambarau ukumbini!*

"Unaona?" akasema. "Inakaa. Tena ina picha. Wapenzi wawili chumbani, wazee wawili wanangoja ukumbini."

Ilikuwa nzuri. Nitasema uongo wa nini? Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Akauimba wote tangu mwanzo, kwa sauti yake nzito, akipiga spana kwenye ubavu wa mashine, na mimi nikapokea kiitikio, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasikia maneno yangu yakitoka kinywani mwa Eudo. Macho yalinijaa maji. Tuliuimba mara tano. Mara ya sita Ledys alichungulia kutoka jikoni akauliza kama tunatengeneza kiyoyozi au tunakizika.

"Novemba hii," Eudo akaniambia huku akinishikia mota, "Novemba hii tunautoa jukwaani."

Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi tulikuwa wawili tu, ikatosha.

Nikaunganisha kwa kuimba. Nyeusi nenda swichini, nikafunga. Nyeupe mkabalani, nikafunga. Kahawia zote mbili, ndani ya kapasita mpya. Halafu njano na njano chumbani, nikazisokota na kuzivika kile kikofia chao cha plastiki. Zambarau ukumbini, vivyo hivyo. Nikafunga tepu, nikarudisha feni, nikakaza kifuniko. Mikono ilikuwa inafuata wimbo na akili ilikuwa Novemba. Ya mzee Hermágoras nilikuwa nimeyasahau kabisa.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Nikawasha.

Mashine ikakohoa. Feni ikasogea, ikasita, halafu ikashika kasi, laini, bila ule mlio wa paka. Eudo akanikumbatia. Ledys akapiga makofi mlangoni. Hata mjusi wetu mkubwa wa kijani, yule anayekaa kila mchana kando ya mashine bila kulipa chochote, aliinua kichwa.

Halafu mjusi akapigwa na upepo wa moto usoni. Akafumba jicho moja, akatutazama kama watu waliokosa malezi, akashuka kwenye saruji akaenda zake.

"Ana nini huyo?" Eudo akauliza.

Sikupata nafasi ya kujibu. Juu ya mashine, kwenye kamba ya nguo, kulikuwa na kitu cheupe, kipana, chenye lesi pindoni. Kilianza kucheza. Kikanyooka kuelekea chini, kikatikisika, kibanio kikaruka pwaa, na kile kitu kikashuka moja kwa moja kikalala juu ya wavu wa feni, kimebanwa kabisa, kimetandazwa kama ramani. Feni ikabadilisha sauti.

Ilikuwa chupi ya Mama Alfida.

Mimi na Eudo tukatazama angani, kila mmoja upande wake. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Nerio!" Sauti ilitoka dirishani. Alikuwa ametuchungulia siku nzima. "Hiyo ni yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Inafanya nini hapo?"

"Imeshikwa na feni, mama."

"Imeshikwa? Miaka kumi na tisa naanika juu ya mashine hiyo kwa sababu inapuliza juu. Dakika kumi zimekauka. Hii haipulizi, inavuta. Umeiweka kinyumenyume, mwanaharamu wee! Moto badala ya kuutupa nje unaurudisha tumboni!"

Ukweli ulinipiga kama ndoo ya maji. Na kabla sijasema neno, kompresa, ile inayofanya baridi yenyewe, ikaguna kwa uchungu ndani ya mashine na kuzima. Ilikuwa imepata joto kupita kiasi. Feni peke yake ikaendelea kuzunguka kinyume, imekumbatia lesi.

Nikazima kila kitu. Saa kumi kasoro dakika kumi.

"Umekosea waya," Eudo akasema.

"Nimefuata ubeti!"

"Basi ubeti ulikuwa na makosa tangu mwanzo."

"Ubeti wangu ulikuwa sawa! Ni wewe uliyebadilisha!"

"Nilibadilisha mwisho tu. Ulikuwaje mwisho wake?"

Nikafungua mdomo. Na hapo, ndugu zangu, nikagundua kwamba sikumbuki. Nilijitahidi. Kila nilipoanza, *kapasita ni nyumbani*, ulimi ulikwenda wenyewe *chumbani, ukumbini*, kama mlevi anayejua njia ya kwake. Nikajaribu kuanzia mwisho. Nikajaribu kuziba masikio. Eudo naye akaapa kwa jina la Chinita kwamba mwisho wangu ulikuwa na neno "jirani". Sikuwahi kuweka neno jirani katika ubeti wowote, najua majirani zangu.

"Mpigie mzee wa duka," Ledys akasema.

"Amefunga. Ameenda na mke wake sijui wapi."

"Basi jaribu jaribu."

"Nijaribu wapi? Huenda nyeusi ndiyo iliyokosewa. Huenda kahawia. Nikikosea tena nitaunguza mota, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho dukani."

Ledys alikwenda akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akaanza kukunja kitambaa cha vyombo, akikunja na kukunjua. Mimi nikakaa chini kwenye saruji ya moto. Nilikuwa nimepata Novemba, na nilikuwa nimempoteza Mama Alfida. Nilijichukia kwa kweli, si kwa mzaha. Kwa ajili ya *ni* na *ni*!

Dirishani hata kiti cha kubembea hakikusikika. Halafu ikaja sauti nyembamba, kavu, inayoimba bila haraka kama mtu anayesoma risiti:

*Nyeusi nenda swichini,*
*nyeupe mkabalani,*
*kahawia zote mbili*
*kapasita ni nyumbani;*
*njano kwake zambarau,*
*zambarau kwake njano.*

"Hivyo ndivyo ulivyoingia nao mlangoni," akasema Mama Alfida. "Nilisikia mkiubadilisha huko nje, nikasema afadhali, angalau umepata vina. Sikujua una nyaya ndani."

"Mama," nikasema, "umeukumbuka kwa kuusikia mara mbili?"

"Ubeti mzuri unasahaulika, mtu anaufurahia unapita. Mbaya unakwama. Zako zote zimekwama hapa." Akagonga kichwa kwa kidole. "Ule wa harusi yenu ninao. Ule wa kitunguu ninao. Ule uliomtungia marehemu mama yako, wenye mizani saba mahali pa nane, na huo ninao. Nimejaribu kuusahau, sijaweza. Sasa unalia au unaunganisha?"

Nilikuwa nafanya yote mawili. Nilirudi kwenye mashine, nikahakikisha umeme umezimwa, nikainua kifuniko pamoja na vazi lake, nikagongesha kapasita, nikafungua vile vikofia viwili. Njano nikaipa zambarau, zambarau nikaipa njano. Eudo alinishikia tochi kimya, bila kuguna hata mara moja. Nyaya nyingine zote zilikuwa mahali pake. Mistari ya kwanza, kama alivyosema mwenyewe, ilikuwa na kitu.

Nikawasha. Saa kumi na nusu. Feni ikazunguka upande wa pili, wavu ukaguna, na lile vazi jeupe likainuka polepole, likavimba, likapaa mpaka usawa wa vichwa vyetu, likageuka mara moja kwa madaha na kumwangukia Eudo begani. Akabaki amesimama nalo kama jenerali mwenye nishani.

"Inapuliza juu," akasema kwa sauti ndogo.

"Nirudishie hiyo, Eudo," ikasema sauti ya dirishani, "kabla hujaitungia wimbo."

Lakini kompresa haikuwaka. Ilikuwa bado na joto, lazima ipumzike, na hakuna wimbo wa kuiharakisha. Dakika zikapita. Ndani ya nyumba matundu ya hewa yalikuwa yanatoa upepo wa uvuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Saa kumi na moja kamili Ovelio akapiga honi. Shemeji yangu ni mtu wa saa kamili. Aliingia amevaa shati lililopigwa pasi, akatoa leso kabla hajamaliza kusalimia.

"Mama yangu wee, hapa ni tanuri! Shemeji, pole. Kila mtu na kipaji chake. Mama, twende. Chumba chako nimekiwekea baridi tangu asubuhi. Kapteni anakungoja."

Akashika mkono wa sanduku. Ledys akashika mkono wangu.

Mama Alfida hakuinuka.

"Kahawa kwanza," akasema.

"Mama, kwangu kuna kahawa."

"Sikukulea hivyo. Mtu haondoki kwenye nyumba ya watu bila kunywa kahawa. Ledys, tia maji. Mengi."

Kahawa ikaja. Ovelio alimaliza yake kwa mafunda mawili na kuungua ulimi. Mama Alfida alipuliza yake, akaionja, akasema haina sukari. Ikaongezwa sukari. Akasema sasa imezidi. Ikamwagwa, ikaletwa nyingine. Hiyo akainywa kwa kijiko. Sijawahi kumwona mtu akinywa kahawa kwa kijiko, wala yeye mwenyewe kabla ya siku hiyo, na kati ya kijiko na kijiko alimuuliza Ovelio habari za kila jirani yake, kwa majina, na za meno yao. Jasho lilikuwa linamtiririka mwanamke yule kutoka kwenye nywele mpaka kwenye ukosi, na alikuwa anaomba kikombe cha tatu, cha moto.

Nilimtazama, naye hakunitazama.

Katikati ya kikombe cha tatu, uani, kitu kikaguna. Kikanguruma. Taa ya sebule ikapepesa kidogo, kama inavyofanya siku zote kompresa inapowaka. Eudo, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akaenda mbio nje akarudi mbio amenyanyua vidole gumba. Tukainua nyuso sote kwenye tundu la hewa, kama watu wanaongoja matokeo ya bahati nasibu. Ilikuja miguuni kwanza. Halafu ikapanda magotini. Baridi. Baridi yetu, yenye harufu yake ya chuma na vumbi la miaka ishirini.

Mama Alfida aliweka kijiko chini.

"Ledys," akasema, "niletee sweta."

Ovelio alibaki ameshika sanduku. "Mama, kwangu kuna rimoti."

"Najua, mwanangu, Mungu akubariki. Nitakuja Jumapili kumwona Kapteni. Lakini kwako kila mtu ana adabu. Nitamtukana nani?"

Ovelio alicheka, ni mtu mwema, hilo sitamnyima. Akaniachia sanduku mkononi, akanipiga begani na kuondoka na mandoca sita ndani ya karatasi.

Mimi nikalibeba sanduku kulirudisha chumbani. Muda wote ule, ndani kabisa, nilikuwa nimejipa moyo kwamba lile sanduku lilikuwa tishio tu, kwamba ndani hakuna kitu ila labda gazeti na sabuni. Lilikuwa zito. Mikono miwili haikutosha, nikalisukuma kwa goti.

"Taratibu," akasema nyuma yangu, sweta limefungwa mpaka kidevuni. "Chinita yumo."

Nikalifungua kitandani. Nguo zake zote zilikuwemo, na viatu vyote, na dawa, na picha ya marehemu baba mkwe. Chini kabisa, ndani ya blanketi, ilikuwepo ile picha ya Bikira iliyokaa juu ya kitanda chake tangu tulipohamia. Na katika kona, ndani ya bahasha ndogo, kulikuwa na msumari. Hata msumari alikuwa ameung'oa.

Nikapanda kitandani bila viatu, nikatafuta tundu lake la zamani ukutani, nikaupigilia kwa mpini wa bisibisi, nikaining'iniza picha.

Mama Alfida akaja karibu, akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia.

"Msumari umepinda," akasema. "Kama beti zako."

"Niunyooshe, mama?"

"Uache hivyo hivyo," akasema. "Nipe blanketi."

Nikauacha.